Baba ana ngiri pande zote mbili, nawe uko ughaibuni

Mzee wako wa Ujiji akikuambia uvimbe wa kinena sasa umetokea na upande wa pili, usimwambie asubiri likizo yako ya Desemba. Miti shamba na mkanda haviponyi ngiri. Ni uwazi kwenye ukuta wa tumbo, na dawa yake ni upasuaji.

Muulize kwanza: akilala, uvimbe unarudi ndani? Uvimbe ukirudi ndani, mna muda wa kupanga. Ukigoma kurudi, ukawa mgumu na kuuma, naye anatapika au hapati choo, huenda utumbo umenyongwa, yaani umebanwa kwenye ule uwazi hadi damu haifiki. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Ndiyo maana hela ya dharura iwe tayari mkononi mwa ndugu aliye karibu, isisubiri wewe uamke huko uliko.

Kama hali ni tulivu, aanzie Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Kigoma. Mzee akiridhia, zungumza na daktari kwa simu. Uliza kama pande zote zitafanywa siku moja. Kwa mwenye afya nzuri inawezekana, na atauguza kidonda mara moja tu. Daktari akitaka kugawa kwa sababu ya moyo au ukubwa wa ngiri, msikilize. Uliza na habari ya wavu, kile kitambaa cha matundu kinachowekwa kuimarisha ukuta wa tumbo, kwa kuwa kwa mtu mzima hupunguza uwezekano wa ngiri kurudi. Upasuaji wa matundu madogo kwa kamera unafaa sana ngiri za pande mbili, lakini ule wa kuchana kila upande kwa ganzi ya mgongo nao ni tiba kamili. Sioni haja ya kumsafirisha mzee hadi Dar es Salaam kwa ajili ya kamera peke yake.

Daktari ajue kuhusu presha, sukari na dawa za kuzuia damu kuganda. Kikohozi sugu, choo kigumu au kukojoa kwa kujikamua, ambako mara nyingi ni tezi dume, vitibiwe pia, la sivyo ngiri inaweza kurudi.

Wengi wetu tunalipia upasuaji tukadhani tumemaliza. Kwa wiki 4 hadi 6 mzee hatakiwi kuvuta mtumbwi, kubeba madumu ya mawese wala kushika jembe. Nyumba ikikosa unga, atarudi ziwani wiki ya pili, kidonda kikiwa bado kibichi. Tuma hela ya chakula kila wiki, na ya kibarua wa shambani. Korodani kuvimba kidogo na kuvilia damu ni kawaida. Homa, usaha au uvimbe unaozidi kukua, arudi hospitali siku hiyo.