Mpangaji akishahama: mpangilio wa kukarabati nyumba ya kupangisha

Nyumba tupu haileti kodi, ndiyo maana wenye nyumba wengi humwita fundi rangi hata kabla mpangaji hajamaliza kutoa vyombo. Nyumba inang'aa, mpangaji mpya anaingia, na baada ya muda doa la unyevu linajitokeza palepale. Rangi ni kazi ya mwisho. Anza na ukaguzi, fuata maji, umeme, kuta na sakafu, ndipo ufungue ndoo ya rangi.

Hatua ya 1: Kagua nyumba ikiwa tupu

Ingia mchana ukiwa na tochi, daftari na simu ya kupigia picha. Anzia mlangoni, fuata ukuta wa kulia chumba hadi chumba mpaka urudi ulipoanzia. Piga picha kuta, dari, sakafu, ndani ya makabati na chini ya sinki, kisha uzilinganishe na zile za siku mpangaji alipoingia. Rangi iliyofifia na kitasa kilicholegea kwa kutumika ni uchakavu wa kawaida, gharama ni yako. Mlango uliotobolewa ni uharibifu, huo mnazungumzia kwenye amana. Kama hukupiga picha za mwanzo, mrudishie amana yake muachane kwa heri. Ubishi usio na ushahidi haulipi.

Nyumba ikiwa ya zamani, usikate wala kuvunja mabati au dari za asbesto, na usipige msasa mkavu juu ya rangi ya zamani, kwani huenda ina madini ya risasi. Vumbi la vyote viwili ni hatari. Hapo tafuta mtaalamu.

Hatua ya 2: Andika kazi kabla ya kuita fundi

Orodhesha kazi chumba kwa chumba na kila fundi akupe bei kwa orodha hiyohiyo, la sivyo utakuwa unalinganisha vitu tofauti. Tenga akiba ya asilimia 10 hadi 20 juu ya makadirio, maana ukuta ukifunguliwa ndipo mambo yanapoonekana. Lipa kwa awamu, na awamu ya mwisho itoke baada ya kazi kujaribiwa, siyo baada ya fundi kusema amemaliza.

Hatua ya 3: Maji

Hapa usiwe na haraka. Funga koki zote, hakikisha matangi yamejaa, kisha soma mita. Kaa saa moja bila mtu kugusa maji, usome tena. Namba zikisogea, kuna mahali panavuja hata kama huoni tone.

Nenda chooni. Tia rangi kidogo ya chakula ndani ya tangi na usivute maji kwa nusu saa. Ukiiona rangi kwenye bakuli, mpira unaoziba tundu la tangi umechoka. Ni kitu cha bei ndogo, lakini kikiachwa kinamwaga maji usiku na mchana.

Doa la unyevu ukutani lina jaribio lake. Bandika kipande cha nailoni juu yake, ukizibe kwa gundi ya utepe pande zote nne, uache siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani: bomba, paa, au unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa jikoni na bafuni usiopata pa kutokea. Tatizo la kwanza linahitaji chanzo kitafutwe na kuzibwa. La pili linahitaji dirisha linalofunguka au feni ya kutolea hewa.

Kama bafu linatengenezwa upya, sakafu iteremke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Kabla ya kuweka vigae, ziba tundu, jaza maji kidogo, yaache saa 24. Kina kikipungua au dari ya chini ikilowa, kizuia maji, yaani tabaka linalopakwa chini ya vigae, kirudiwe.

Hatua ya 4: Umeme

Mwachie fundi mwenye leseni. Kazi yako ni kumwonyesha soketi zilizoungua, swichi zinazopata moto na waya wa athi (unaopeleka umeme unaovuja ardhini) uliokatwa, na kumtaka abonyeze kitufe cha majaribio cha kifaa kinachokata umeme unapovuja. Kisipokata, kibadilishwe.

Hatua ya 5: Kuta, sakafu, rangi

Gonga lipu kwa kipini cha nyundo. Panapolia kama debe tupu, lipu imeachana na ukuta. Bomoa mpaka ufike palipo imara. Lipu mpya ya saruji ipe kama wiki 4 kabla ya rangi ya mafuta, vinginevyo itabanduka. Vigae nunua vyenye ziada ya asilimia 10, vya toleo moja, kwa kuwa rangi hutofautiana kati ya toleo na toleo. Ziada itunze.

Mimi napaka rangi moja nyumba zote, inayooshwa kwa jikoni na bafuni, na namba yake naiandika ndani ya mlango wa kabati. Wengine wataona inachosha macho, lakini doa moja halinilazimishi kupaka ukuta mzima.

Hatua ya 6: Mtu akiwa ndani

Badilisha silinda za vitasa vya nje kabla ya kukabidhi ufunguo. Hujui aliyetoka alichonga funguo ngapi. Mwonyeshe mpangaji koki kuu na swichi kuu zilipo. Safisha mifereji ya paa kabla ya mvua, angalia njia za udongo za mchwa kwenye kuta na fremu, na ukague silikoni ya sinki na bafu kila mwaka. Unapotaka kuingia, toa taarifa mapema.

Mpangaji akiripoti bomba linalovuja, mjibu siku hiyohiyo hata kama fundi atakuja kesho. Ukimkaripia, la pili hatakwambia, utalikuta siku akihama.