Somo: Mgonjwa wa kiharusi asishinde kitandani akiwa bado wodini

Mtaalamu wa mazoezi tiba akija, hukaa na mgonjwa saa moja hivi, pengine chini ya hapo. Mchana uliobaki ni wenu, ndugu mnaomuuguza. Utafiti wa Melbourne, Australia, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta wagonjwa wa kiharusi wakiwa kitandani zaidi ya nusu ya mchana, na asilimia 60 ya muda wako peke yao. Saa hizo ndizo za kufanyia kazi.

Hatua ya 1: Omba ruhusa. Uliza kama anaruhusiwa kukaa, kusimama, ashikwe na watu wangapi, na kama ameshapimwa kumeza. Msikurupuke. Utafiti wa AVERT, wenye wagonjwa zaidi ya 2,000, ulitoa majibu mwaka 2015: walioanzishwa mazoezi mengi ndani ya saa 24 za mwanzo walipata nafuu ndogo kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba vipindi vifupi vya mara kwa mara ndivyo vyenye tija.

Hatua ya 2: Akisharuhusiwa, ale akiwa kwenye kiti. Nyayo zote mbili zikanyage sakafu, mkono uliopooza ulale juu ya mto au meza, usining'inie.

Hatua ya 3: Mwachie kazi zake. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Chukua kunawa uso. Lowesha kitambaa, kikamue, kiweke kwenye kiganja kilichopooza, kisha mwambie aushike mkono huo kwa ule mzima na kuupandisha taratibu hadi shavuni. Halafu subiri. Kitambaa kitaanguka mapajani, maji yatachuruzika kidevuni, nawe mikono itakuwasha umsaidie. Tulia. Ndugu wengi huharibu hapa kwa huruma: wanamnawisha, wanamlisha, wanamfunga vifungo, na ule mkono ambao ungeweza kurudi kidogo unazoea kukaa bure. Msaidie pale alipokwama tu, kisha mrudishie kazi yake. Kuchana nywele na kukunja shuka ni vivyo hivyo.

Hatua ya 4: Kama anasahau upande uliopooza, kaa upande huo unapoongea naye, ageuze shingo akutafute. Kengele ya kumwita nesi, hata hivyo, iwekwe upande mzima siku zote.

Hatua ya 5: Andikeni kwenye daftari alichofanya. Ndugu wa zamu ya jioni ajue asubuhi palifanyika nini, vinginevyo kila mmoja anaanza upya.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Baba kila tukimwambia akae anasema amechoka. Anadeka?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hadeki. Uchovu wa kiharusi upo kweli, na usingizi hauumalizi wote. Mpangieni kazi fupi, apumzike, kisha nyingine. Lakini kama hataki kula wala kuona watu, mwambie daktari. Sonona, yaani huzuni nzito ambayo ni ugonjwa, huwapata takriban mmoja kati ya wagonjwa watatu.

Swali: Tunamwinua kwa kumvuta mkono, kuna ubaya?

Jibu: Upo, tena mkubwa. Misuli inayoshikilia bega imelegea, ukivuta bega linateguka na maumivu yake hudumu. Msimshike kwapani pia. Mwombeni mtu wa mazoezi awaonyeshe namna ya kumwinua, nanyi mfanye mbele yake.

Swali: Mama hawezi kuongea, tutamshughulishaje?

Jibu: Mwonyeshe nguo mbili, achague kwa kidole au macho. Uliza maswali ya ndiyo au hapana, moja moja, redio ikiwa imezimwa. Na dada yangu, msimjibie.

Swali: Tutajuaje tumezidisha?

Jibu: Kizunguzungu, jasho jingi, kifua kubana, kichwa kuuma ghafla au udhaifu mpya: mlazeni, mwiteni nesi papo hapo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma msiukande, huenda damu imeganda ndani. Aangaliwe na daktari kabla ya kusimama tena.