Jinsi ya kupima mwendo wa mgonjwa wa Parkinson, kabla na baada ya dawa

Mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaopunguza kasi ya mwili, anayetumia levodopa, dawa yake kuu, mara nyingi hana mwendo mmoja kutwa nzima. Saa 2 asubuhi anafika dukani kwa miguu yake. Saa 5 na nusu kizingiti cha chumba chake kinamshinda. Kliniki mgonjwa huonwa dakika chache tu, mara nyingi dawa ikiwa imeshika, basi faili linaandikwa "anatembea vizuri". Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na ndiyo maana huziomba familia zije na vipimo vya nyumbani.

Hatua ya 1: Andaa njia
Weka kiti imara chenye mikono. Pima mita 3 kutoka hapo, kisha weka alama ukutani au pembeni. Usichore mstari unaokatiza njia: mistari ya sakafuni humsaidia mgonjwa kunyanyua mguu, nawe utadanganyika. Viatu viwe vilevile kila mara, ila visiwe ndala.

Hatua ya 2: Chagua nyakati
Pima mara tatu: kabla tu ya dozi ya asubuhi, saa moja baada ya kuimeza, na nusu saa kabla ya dozi inayofuata. Dawa imezwe kwa wakati wake. Usiicheleweshe kwa ajili ya kipimo.

Levodopa haikai sana mwilini. Hata ikichanganywa na carbidopa, dawa inayoizuia isivunjwe kabla ya kufika kwenye ubongo, nusu yake huondoka kwenye damu kwa takriban saa moja na nusu. Miaka ya mwanzo ubongo bado una akiba ya kuziba pengo hilo. Akiba ikipungua, miguu inaanza kufuata kupanda na kushuka kwa dawa. Andika pia alichokula, kwa sababu protini ya nyama, maharage au maziwa hushindana na levodopa kufyonzwa.

Hatua ya 3: Pima
Sema "haya", washa saa ya simu. Ainuke, atembee hadi alama, ageuke, arudi, aketi. Mwendo uwe wake wa kawaida, asihimizwe. Mtu mmoja atembee kando yake, nyuma kidogo, tayari kumdaka. Mwingine arekodi video, miguu na mikono yote ionekane.

Hatua ya 4: Tazama zaidi ya sekunde
Hapa ndipo wengi hupita haraka. Hesabu hatua alizotumia kugeuka. Angalia urefu wa hatua na kama mikono inapunga: haya kwa kawaida hufuata dawa. Uthabiti wa mwili haufuati sana, kwa hiyo anaweza kwenda kasi zaidi baada ya dozi na bado akaanguka.

Kuganda, yaani miguu kama imenatishwa sakafuni, hutokea zaidi dawa ikiisha nguvu, hasa mlangoni na kwenye kona. Akiganda hata dawa ikiwa imeshika, andika kwa herufi kubwa. Hilo ni tatizo jingine, na kuongeza dozi huenda kusisaidie. Usimvute. Mwambie asimame, ahamishe uzito mguu huu na huu, kisha atupe hatua moja ndefu.

Mwili ukijinyonganyonga wenyewe, andika saa. Kizunguzungu akisimama, vivyo hivyo: presha inaweza kushuka.

Hatua ya 5: Rudia, kisha peleka
Rudia siku nyingine mbili, maana siku moja mbaya inaweza kuwa ni usingizi tu uliokosekana. Mpe daktari karatasi yenye saa za dawa, chakula na vipimo, pamoja na video.

Vidonge msiongeze wala kupunguza wenyewe. Kuacha ghafla kunaweza kuleta ukakamavu mkali na homa inayohatarisha maisha. Na kama kuna anayempa mbegu za upupu, semeni kliniki bila aibu: zina levodopa ya kweli, ila hakuna ajuaye kiganja kimoja kimebeba kiasi gani.