Kabla ya Kutoa Taarifa ya Kwelea Kwelea, Tazama Mdomo

Punje za mtama na uwele zinapoanza kujaa maziwa, ndege wadogo wa nyikani wa aina nyingi huingia shambani, na mkulima anayewaita wote kwelea kwelea huenda akaomba dawa inyunyiziwe pasipo sababu, au akazoea kuwapuuza hata siku adui halisi atakapofika.

Anza na mdomo. Kwelea kwelea ana mdomo mfupi, mnene na mwekundu, mwili wa sentimita 12 hivi wenye uzito wa takriban gramu 20, na mgongo wa kahawia wenye michirizi myeusi. Msimu wa kuzaa, uso wa dume kwa kawaida huwa mweusi, ukizungukwa na rangi ya waridi au manjano, ilhali mdomo wa jike hugeuka kuwa wa manjano. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa hiyo usiamue kwa kumwona ndege mmoja. Shomoro hana mdomo mwekundu kamwe, na mnana hujulikana kwa dume lake la manjano na viota vinavyoning'inia.

Mwendo wa kundi nao hauna mfano wake: wakiwa shambani, walio nyuma huruka juu ya wenzao na kutua mbele, mfululizo, hata kundi likaonekana kubingirika juu ya masuke. Ndege mmoja hula takriban gramu 10 kwa siku. Wakiwa laki moja, na wakila nafaka tupu, hiyo ni tani nzima kila siku.

Ukishawatambua, endelea kuamia, yaani kulinda shamba dhidi ya ndege, kwenye dungu (jukwaa la mlinzi) tangu alfajiri, na jioni fuatilia wanakolala, iwe kwenye matete au migunga, kisha umweleze afisa ugani mahali penyewe, kwa kuwa unyunyiziaji hulenga malalo na mazalia, si shamba lako. Mazalia yaripotiwe upesi zaidi, maana mayai huanguliwa kwa siku 10 hadi 12 tu.

Katika maeneo kama Kondoa, Tanzania, ambako ndege hawa hutegwa kwa ajili ya kitoweo, wanaonaswa kwa mtego hawana neno, lakini waliookotwa baada ya unyunyiziaji wasiliwe wala wasipewe mbwa, kwani sumu iliyowaua ingali mwilini mwao, nayo huwaua hata bundi na mwewe wanaowala.