Ukienda Karen Blixen Museum, usiishie kupiga selfie tu

Kama uko Nairobi na hujawahi ingia hii nyumba ya Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyekua na shamba la kahawa hapa, nenda asubuhi na mapema kabla magari ya watalii hayajajaa, na ukitumia matatu shuka mtaa wa Karen halafu uchukue boda hadi geti. Tiketi unalipa kwa simu so hakikisha iko na chaji.

Ndani usikimbie vyumba peke yako, mfuate mwongozaji maana yeye ndo atakwambia fenicha gani ilikua ya Karen mwenyewe na ipi ililetwa baadaye, ukiangalia tu kwa macho huwezi jua. Nyumba ilijengwa 1912, Karen akaishi hapo toka 1917 hadi 1931 kahawa ilipomshinda akarudi Denmark, na museum ikafunguliwa 1986. Usiguse vitu, na kuhusu picha za ndani uliza kwanza.

Sasa hii ndo naomba usisahau: uliza kuhusu watu waliolima hiyo kahawa. Wakikuyu waliokua wakiishi kwenye hilo shamba walilazimika kumfanyia kazi mwenye shamba ndo waruhusiwe kuishi hapo. Mi niliuliza na maongezi yakawa matamu kuliko ziara yote.

Halafu toka nje, pitia jikoni maana iko jengo la pembeni, uone na mitambo ya zamani ya kahawa, alafu kaa kwenye nyasi uangalie milima ya Ngong. Tenga kama masaa mawili hivi.