Kubadilisha madirisha ya nyumba ya zamani Uingereza: kibali unakipataje

Wadau mlionunua vile vijumba vya mawe vijijini huku England, vyenye kuta nene na vidirisha vya mbao, hii ni yenu. Najua baridi ya Januari inavyopenya pembeni ya fremu, sisi kwetu usiku tulikuwa tunasokomeza mataulo dirishani, halafu anakuja mtu wa kampuni ya madirisha anakwambia atang'oa yote aweke ya plastiki yenye vioo viwili, siku mbili kazi imeisha na kibali wala hakihitajiki. Nilikuwa na kalamu mkononi kabisa. Jirani yetu mzee ndo akaniuliza, hivi unajua nyumba yako iko kwenye listi?

Basi anzia hapo, jua nyumba yako iko kundi gani. Ingia tovuti ya Historic England, taasisi inayoshughulikia majengo ya kihistoria, kuna orodha ya taifa ya majengo ya urithi, hiyo ndo listi yenyewe, kutafuta ni bure. Madaraja ni matatu, la I, la II lenye nyota, na la II, vijumba vingi viko hilo la mwisho ila usidhani ndo sheria imelegea, hapana, ni ileile, na inalinda nyumba nzima nje na ndani, hata dirisha la nyuma ambalo hakuna mpita njia analiona. Na ukisoma maelezo ukakuta madirisha hayajatajwa bado yamelindwa, watu wengi wanateleza hapo.

Kama haiko kwenye listi ni afadhali sana. Nyumba ya kawaida unaruhusiwa kubadilisha bila kuomba mradi madirisha mapya yafanane na ya zamani. Ila uliza kaunsili (halmashauri ya eneo lako) mambo mawili, je nyumba iko ndani ya eneo la hifadhi, yaani mtaa au kijiji kinacholindwa kwa sura yake ya kihistoria, na je kuna agizo la Ibara ya 4, maana hilo agizo linafuta ule uhuru na unalazimika kuomba. Kama unakaa flati ule uhuru huna tangu mwanzo. Wenzetu wa Scotland na Wales mna sheria zenu, msifuate haya yangu neno kwa neno.

Sasa iliyo kwenye listi, kubadilisha dirisha bila kibali ni kosa la jinai kwa sheria ya majengo ya urithi ya mwaka 1990, unaweza kupigwa faini isiyo na ukomo au jela mpaka miaka 2, na kaunsili haina muda wa mwisho wa kukudai urudishe ya zamani, hata kama aliyeyatoa ni mtu aliyekuuzia nyumba. Kwa hiyo ukienda kuangalia nyumba ya karne ya 18 ukakuta plastiki nyeupe inang'aa dirishani, mwambie wakili wako aulize kibali kabla hujalipa chochote.

Lakini kabla hujajaza fomu naomba umuite fundi seremala anayejua mbao za zamani, sio muuza madirisha. Mimi niliamini yangu yameoza yote. Yule fundi akatoa bisibisi akawa anachomachoma fremu taratibu kutoka juu kushuka chini, juu inagonga ngumu, katikati ngumu, mpaka kwenye kizingiti cha chini ndo ikazama kama kwenye mkate uliolowa. Madirisha sita, ubovu vipande vya chini tu! Akakata palipooza akaunga mbao mpya, akaweka puti mpya kwenye vioo na brashi za kuzuia upepo pembeni, na vile vioo vya zamani vyenye mawimbi, ambavyo ukisogeza kichwa mti wa nje nao unacheza, vikabaki. Matengenezo ya aina hiyo, mbao ileile na umbo lilelile, kwa kawaida hayahitaji kibali, ila andikia kaunsili wakujibu kwa maandishi. Ukitaka joto zaidi uliza kuhusu kioo cha pili cha ndani, kinafungwa nyuma ya dirisha la zamani bila kuligusa, hicho wanakikubali kirahisi zaidi.

Dirisha moja halikupona, hilo nikaliombea. Maombi ya jengo la listi England hayana ada, unatuma kupitia Planning Portal, tovuti ya maombi ya vibali vya ujenzi. Watataka ramani, picha za kila dirisha nje na ndani, maelezo ya umuhimu wa nyumba na kwa nini halitengenezeki (ripoti ya fundi hapa ni dhahabu), na michoro ya lililopo na jipya. Kwenye michoro usifanye haraka, kwa sababu wanaangalia unene wa vile vijiti vinavyogawa vioo, vya zamani ni vyembamba mno na vioo viwili vya kawaida vinahitaji vinene, ndo maana wengi wanakataliwa. Chora mkato wa kijiti kwa ukubwa wake halisi, taja mbao, rangi, na namna dirisha linavyofunguka. Zungumza na afisa wa urithi wa kaunsili mapema, baadhi ya kaunsili wanatoza hela kwa ushauri huo ila ni bora kuliko kukataliwa.

Jibu kwa kawaida ni wiki 8. Wakikataa una miezi 6 ya kukata rufaa, ingawa mimi ningeuliza kwanza wanataka kirekebishwe nini nikaomba upya. Wakikubali soma masharti yote, mara nyingine wanataka waone sampuli kabla fundi hajaanza, na kwa kawaida una miaka 3 ya kuanza kazi.

Halafu kuna kanuni za ujenzi, hizo ni kitu kingine kabisa, kibali cha urithi hakizifuti. Tumia fundi aliyesajiliwa FENSA (mpango wa usajili wa mafundi wa madirisha) au wajulishe wakaguzi wa ujenzi wa kaunsili, upate cheti. Mimi cheti, kibali na picha za zamani nimeviweka faili moja na hati ya nyumba.