Somo: Jiwe lako jeusi ni turmalini kweli?

Ukichimba dhahabu Ikolomani au Migori, au ukinunua mawe kwa wachimbaji, hukosi kuletewa jiwe jeusi linalong'aa ukiambiwa ni kito. Usitoe pesa kabla hujalipima.

Turmalini ni silikati, yaani madini yenye silikoni na oksijeni, iliyo pia na elementi ya boroni. Graniti iliyoyeyuka inapopoa, boroni hukosa nafasi ndani ya kwazi na felispa, madini makuu ya graniti, ikabaki kwenye majimaji ya mwisho yanayopenya nyufa. Ndiyo maana turmalini hupenda kukaa kwenye mishipa. Nyeusi ndiyo iliyojaa kote duniani, na weusi wake unatokana na chuma.

1. Sumaku. Ya spika ya redio mbovu inatosha. Jiwe likinata, hiyo ni magnetiti, madini ya chuma. Umemaliza.

2. Umbo. Tafuta mche mrefu (umbo kama nguzo) wenye michirizi inayofuata urefu wake. Utazame kwenye ncha: turmalini huwa na pembetatu ambayo mbavu zake zimebinuka nje. Hii ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote, ila jiwe lililosuguliwa na mto huwa limeipoteza.

3. Tupa. Likwaruze jiwe nayo. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, cha 1 hadi 10, turmalini ni 7 hadi 7.5, na tupa nzuri ni kama 6.5. Honiblendi, jiwe jeusi linalowachanganya wengi, ni 5 hadi 6, kwa hiyo tupa huila. Kuwa makini: tupa ikishindwa, chuma chake hubaki juu ya jiwe kama mstari wa kijivu. Ufute kwa kidole ndipo uamue.

4. Uzito. Pima jiwe kavu kwenye mizani ndogo ya gramu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, halafu lining'inize jiwe kwa uzi lizame lote bila kugusa kikombe. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Jiwe la gramu 31 likisoma 10 ndani ya maji, jibu ni 3.1. Turmalini huwa kati ya 3.0 na 3.3, kwazi ni 2.65. Honiblendi huangukia humo humo na turmalini, hivyo usiruke hatua ya tupa.

Maswali ya wanachama

*Naivasha: Mwalimu, langu ni jeusi tii, kingo zinakata kama wembe.*
Hiyo ni obsidiani, kioo cha volkano. Eburru imejaa. Haina michirizi wala mche, na uzito wake haufiki 2.65.

*Ikolomani: Nikilichoma, moto hautageuka kijani kwa sababu ya boroni?*
Datoliti itakuonyesha hivyo, nayo ni silikati ya boroni. Turmalini haiachii boroni yake bila kuchanganywa na kemikali, na moto mkali utaipasua bure. Ukiipasha moto kidogo tu, ncha moja hupata chaji chanya na nyingine hasi, ikavuta majivu. Jaribu na kipande kidogo.

*Kisumu: Na ile ya kijani ya Taita? Naweza kuanza kununua?*
Ni ya ukoo huo huo, ukijani wake unatokana na metali za vanadi na kromi. Hiyo hukatwa kuwa kito kwa kuwa mwanga hupenya. Nyeusi haipitishi mwanga, kwa hiyo bei yake ni ya chini sana. Kuhusu biashara, dada, Sheria ya Madini ya 2016 inataka mnunuzi awe na leseni. Anzia hapo.